Viatu Vikavu

Jumatatu, 8 Septemba

Shule zimefunguliwa leo, na leo hiyohiyo nimepata kazi. Mji umemwajiri mshauri kutoka Kigali, Bwana Kabera, mhandisi wa barabara, apange njia za watoto kwenda shule kwa miguu bila kugongwa. Anataka watu wa kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Mimi nilimaliza sekondari Bukavu, mwandiko wangu ni mzuri, na sina aibu ya kugonga mlango wa mtu. Nimechukuliwa. Ametupa kila mmoja madaftari mawili. Moja ni la kazi. Hili ni langu, na nitaliandika kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda changu bado kinawachekesha wazee ingawa tulirudi huku zamani.

Chloé wangu ameanza darasa la pili. Ameondoka ameshikwa mkono na Divine, binti wa jirani yangu Nzigire, aliyehamia hapa kutoka ng’ambo ya mpaka. Divine ana miaka kumi na anamwongoza Chloé kama vile yeye ndiye aliyemzaa.

Alhamisi, 11 Septemba

Mafunzo ya fomu. Swali la saba ndilo lenyewe: Mtoto anapita njia gani kwenda shule? Bwana Kabera amesema kila kitu kwenye ramani yake kitatoka hapo. Pesa ya mji inatosha vivuko vya barabarani na daraja moja tu la miguu. Daraja litawekwa pale ambapo majibu ya swali la saba yataonyesha watoto wengi wanavuka maji.

Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Kati ya mlima wetu na shule ya Gihundwe kuna kijito cha Gatovu. Ukivuka kwa mawe, shule ni dakika kumi na tano. Ukizunguka kwa barabara kubwa, karibu saa nzima, na malori yanayotoka Bugarama yanakupitia sikioni. Gogo la kuvukia lilichukuliwa na mvua mwaka juzi, wakubwa wakaagiza kibao kiwekwe: marufuku kupita hapa. Kibao kinasimama, na watoto wote wa mlima wetu wanapita chini yake.

Nikamwambia Chloé, “Utapata daraja, wewe!” Akauliza kama litakuwa na vyuma vya kushikilia.

Jumanne, 16 Septemba

Nyumba za kwanza. Hapa kwetu mtu wa fomu haingii uani kwa watu bila kiongozi wa mudugudu, yaani wa kijiji, ndiyo desturi, na ni heshima. Kwa hiyo Mzee Ndizeye, kiongozi wetu, alitembea nami siku nzima na mwavuli wake, jua likiwaka. Mwavuli ule nadhani huoga nao.

Tumeanza kwa Nzigire. Alikuwa anapanga nyanya za kuvusha mpakani. Nikamsomea maswali, yeye akijibu haraka haraka, mpaka la saba.

“Divine anapitaka wapi kwenda ku masomo?”

Akamtazama Mzee Ndizeye. Mzee akatazama mwavuli.

“Anapitaka mu barabara kubwa,” Nzigire akasema. “Kule chini minamukatazaka kabisa.”

“Dakika ngapi?”

“Lisaa moja. Anaamukaka mapema, huyu mutoto.”

Divine alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na mfuko wake wa kitambaa begani, mguu mmoja bado una tope la Gatovu. Niliandika: barabara kubwa, dakika sitini.

Nyumba ya pili, barabara kubwa. Ya tatu, barabara kubwa. Kufika jioni nilikuwa na nyumba kumi na tisa, na hakuna hata mtoto mmoja aliyelowa.

Jumatano, 17 Septemba

Leo ilikuwa nyumba yangu. Nilidhani nitaijaza peke yangu, lakini Mzee Ndizeye alikuja pia, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu. Nilifika swali la saba. Nilikuwa na kalamu mkononi na mzee mbele yangu, ambaye ndiye aliyepeleka jina langu kwa kazi hii.

Niliandika: barabara kubwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mlima mzima tumefyeka majani kandokando ya barabara kubwa, ili mshauri aone tunavyoijali.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imeanza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bwana Kabera alisimama getini pa shule tangu asubuhi na simu yake, akipiga picha viatu vya watoto wanaoingia. Si mjinga. Anasema majibu ya watu hudanganya lakini viatu havidanganyi. Nilijua atakachokiona.

Kwetu mtoto haendi shule na tope. Mwalimu anamrudisha, lakini hilo si kitu. Aibu ni ya mama. Kwa hiyo kabla ya kuvuka, watoto wanavua viatu, wanaviweka kwenye mfuko wa kitambaa, wanavuka peku. Nyuma ya shule kuna bomba. Wanaosha miguu hadi magotini, wanaifuta kwa majani, wanavaa soksi na viatu. Mtoto wetu akiingia getini utadhani ameshushwa na gari. Tuliwafundisha sisi wenyewe, na Divine ndiye fundi wao: anabeba viatu vyake na vya Chloé kwenye mfuko mmoja, na havijawahi kupata tone.

“Unaona?” Bwana Kabera akanionyesha picha. “Watoto wa mlima wenu wana viatu vikavu kuliko wa mjini. Kweli wanapita kwenye lami.”

Nilisema ndiyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Gatovu imefunika jiwe la kwanza. Niliwavusha wasichana mwenyewe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeiona ramani. Ni nzuri, ina rangi. Barabara kubwa imejaa vidoti vyekundu vya watoto wetu, ambao hawapo pale. Gatovu imechorwa kwa buluu nyembamba, na kando yake pameandikwa 0. Daraja limepelekwa upande wa Nyakabuye.

Nikapiga moyo konde. “Bwana Kabera, hapa Gatovu... labda kuna watoto wanaopita.”

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitoa fomu zote, akazisambaza mezani. “Wangapi? Nani? Nionyeshe mmoja. Ukiniletea familia zikabadilisha majibu, nahamisha daraja leo. Lakini mwisho ni tarehe ishirini na nane Novemba. Siku hiyo ramani inapitishwa, na baada ya hapo hata mimi siwezi kuigusa.”

Fomu ya juu ilikuwa yangu, na mwandiko wangu mzuri.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda kwa Nzigire. Nikamwambia yote: pesa ya daraja ipo, kinachotakiwa ni kusema kweli tu. Alikuwa anasuka nywele za Divine. Akamtuma maji, tukabaki wawili.

“Maman Chloé, minakuomba. Weye uko wa hapa. Bakikukasirikia, itaishia ku makelele. Miye nilikuja na mutoto na sanduku moja. Bakiniuliza juu ya nini nilidanganya mbele ya chef wa mudugudu, nitajibu nini? Bataanza kuuliza na karatasi zangu.”

“Hakuna atakayekufukuza juu ya fomu.”

“Unajua? Uko na hakika?”

Sikuwa na hakika. Hiyo ndiyo taabu ya rafiki yako kukuuliza swali zuri.

Kisha kwa Mzee Ndizeye. Aliniambia wazi, na nusu ya hasira yangu ikaisha, maana nilimuona anaogopa kuliko sisi. “Ile kibao ni miye niliisimamisha. Ukiandika batoto bote banapita pale, bakubwa bataniuliza: chef, ulikuwa wapi? Na mujukuu wangu pia anapita, unafikiri sijuwe? Tungoje mvua iishe.”

Kila mtu anangoja mvua iishe, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Jiwe la pili.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Nimekwenda nyumba sita bila mzee, jioni, nikibembeleza. Wawili walisema watafikiri. Mmoja alinicheka: “Weye mwenyewe uliandika nini?” Nimegombana na Chloé bure juu ya kitabu. Nimechoka na woga wa watu na nimechoka zaidi na wangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua usiku kucha. Tumekubaliana na Nzigire: yeye anavuka mpaka alfajiri, kwa hiyo mimi nawavusha wasichana wote wawili kila asubuhi mpaka msimu uishe. Nimeapa.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijui kama ninaweza kuandika. Naandika kwa sababu nikiacha leo sitaandika kamwe.

Asubuhi ilikuwa kavu. Jua kabisa. Bwana Kabera alipiga simu mapema: niende ofisini kunakili fomu upya kabla watu wa mji hawajafika. Nilitazama mbingu, nikatazama wasichana wamevaa tayari. Nikasema, leo hakuna mvua, nendeni pole pole, Divine mshike mwenzako. Nikapanda pikipiki kupitia barabara kubwa.

Mvua ilikuwa imenyesha juu, milimani, sisi tumelala. Sikufikiria. Mtu aliyekulia hapa angefikiria, na mimi nimekaa hapa miaka yote hiyo.

Saa tatu kasoro alikuja mwanamke anakimbia ofisini, hana pumzi, akasema Gatovu. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka maji, rangi ya chai ya maziwa, na mawe yote hayapo. Ng’ambo ya pili, upande wa shule, Chloé alikuwa amekaa kwenye majani, amekumbatia mfuko wa kitambaa. Hakuwa analia. Nilizunguka, sijui wapi, nikamfikia.

“Divine yuko wapi?”

“Alisema ruka, nikaruka. Akanitupia mufuko. Akasema kamata viatu vizuri, visilowe, mwalimu atatufukuza.” Akatazama maji. “Kisha haiko tena.”

Wanaume walimpata mchana, chini, karibu na mahali kijito kinapoingia ziwani, kwenye migomba. Mzee Ndizeye ndiye aliyeingia majini kumtoa, na suti yake, bila mwavuli.

Nzigire alifika saa nane na beseni tupu kichwani. Aliona watu uani kwake. Hakuuliza. Aliweka beseni chini taratibu, akakaa kwenye udongo, akanitazama mimi peke yangu. Ningependa angenipiga.

Ee Mungu, niliapa.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumemzika.

Jumapili, 16 Novemba

Kuna jambo sikuliandika jana. Kabla ya maziko Mzee Ndizeye alileta karatasi ya taarifa ya kifo. Akanipa mimi kalamu kwa sababu ya mwandiko. Chanzo? Akasema polepole, “Alikwenda kuchota maji, akateleza.” Nikamtazama Nzigire. Alitikisa kichwa kukubali, macho chini.

Nikaandika. Mara ya tatu msimu huu mkono wangu unaandika uongo. Kwa hiyo Gatovu bado ni sifuri: mtoto aliyekufa alikuwa anachota maji, hakuwa anakwenda shule.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Chloé hasemi. Anakula ukimlisha.

Viatu vya Divine viko kwangu, kwenye ule mfuko, chini ya kitanda. Vikavu. Nilivipeleka jana nikafika mlangoni kwa Nzigire, nikarudi navyo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimevipeleka tena. Nzigire alifungua, akaona mfuko, akafunga mlango. Hakuufunga kwa nguvu. Ingekuwa afadhali.

Watoto wamerudi kuvuka. Siku mbili walizunguka kwa barabara kubwa, ya tatu lori likamkwaruza mmoja begani, basi wakarudi kwenye mawe. Nasimama majini asubuhi na jioni. Nimechelewa kazini mara tatu.

Jumatano, 26 Novemba

Bado siku mbili. Nimemwandikia Bwana Kabera barua, nimeichana. Nikisema peke yangu, ni mtu mmoja aliyedanganya, na mtu mmoja haletewi daraja. Nikinyamaza, mwaka kesho ni mtoto mwingine, na labda nitaombwa tena kalamu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yangu alikuwa akituambia maneno haya tukificha kidonda. Sisi kifo kimekuja na bado tunaficha.

Ijumaa, 28 Novemba

Mkutano ulikuwa kwenye darasa kubwa la shule. Watu wa mji mbele, gitifu, yaani mtendaji wa sekta, viongozi wa midugudu, wazazi nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Ramani ilitandazwa mezani. Nilikuja na mfuko wa viatu. Sikuwa na mpango. Sikuweza tu kuuacha chini ya kitanda siku ile.

Bwana Kabera alieleza vizuri: vivuko, taa, daraja la Nyakabuye. Mvua ilipiga mabati, akalazimika kupaza sauti. Mwisho akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya sahihi.

Wazazi wakatazama madawati. Kile kimya chetu cha adabu.

Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo. “Mimi ni Mukandori, nilijaza fomu za mlima wetu. Fomu ya nyumba yangu ni uongo. Mtoto wangu hapiti barabarani. Anavuka Gatovu kwa mawe, tangu darasa la kwanza. Viatu vyake ni vikavu kwa sababu anavivua.”

“Maman Chloé, ikala chini,” Mzee Ndizeye akasema, kwa kuomba, si kwa kuamuru.

Gitifu akauliza wengine wako wapi, kama ni kweli. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu, nikaona Bwana Kabera ananionea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kitu chochote. Nikafikiri: basi, imekwisha, nimesema na haikusaidia.

Mtu akaunyanyua mfuko kutoka mkononi mwangu. Nzigire. Sikumuona akiingia. Alikuwa bado na kitambaa cha kilio. Akapita katikati ya madawati hadi mezani, akatoa viatu vya Divine, kimoja kimoja, soksi zikiwa zimekunjwa ndani kama binti yake alivyozikunja mwenyewe. Akainama kwenye ramani, akatafuta kwa kidole ile buluu nyembamba, akaviweka juu ya sifuri.

“Hapa muliandika hakuna mutoto,” alisema. “Wangu alikuwa hapa. Hakuwa anachota maji. Alikuwa anaenda ku masomo, na miye njo nilimufundisha asiloweshe viatu. Andika moja.”

Bwana Kabera hakusogea.

“Andika, Papa. Moja.”

Akachukua kalamu. Alikata sifuri, akaandika moja kando ya kiatu.

Nyuma mwanamke akasema, “Bangu ni babili.” Mwingine: “Batatu.” Nikasema wangu. Sauti zikaanza kutoka kwenye madawati moja baada ya nyingine, hakuna aliyepaza. Mzee Ndizeye alingoja mpaka wote wamesema, akasimama, akavua kofia.

“Mujukuu wangu. Na ile karatasi ya kifo, ni miye nilisema iandikwe vile.”

Tulifika watoto arobaini na watatu. Bwana Kabera alikaa chini. Akauliza, kwa Kinyarwanda, taratibu, kwa nini hatukumwambia.

“Hukutuuliza tukiwa peke yetu,” nikasema.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeondolewa kazini. Mtu aliyejaza fomu ya uongo hawezi kubaki kwenye utafiti, na Bwana Kabera alinieleza akiwa ameinamisha kichwa. Ni haki. Nililia njiani hata hivyo. Mzee Ndizeye ameitwa wilayani, hajarudi kutuambia. Nzigire hakuna aliyemuuliza karatasi. Mpaka leo.

Ijumaa, 5 Desemba

Daraja limehamishiwa Gatovu. Litakuwa na vyuma vya kushikilia. Litajengwa kiangazi, maji yakishuka.

Kiangazi. Na leo ni mvua.

Jumatatu, 8 Desemba

Tuko wanawake wanane sasa. Tunasimama majini kwa mstari, mawe yalipokuwa, tunapitisha watoto mkono kwa mkono. Maji yanafika kiunoni mwangu katikati. Kila asubuhi naogopa. Naandika hivyo kwa sababu mbele ya watoto tunacheka na kuimba.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Mvua nyembamba.

Nilipofika Gatovu, Nzigire alikuwa ameshaingia. Amesimama pale katikati, kwenye kina, mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama, kitenge amekifunga juu. Hatujasemezana tangu mkutano. Hana mtoto wa kuvusha.

Nilisimama kando yake. Maji yalikuwa baridi sana. Tulipitisha watoto, yeye akinipa, mimi nikitoa, na kila mmoja alimshika kwapani kwa mikono miwili kabla ya kumwachia.

Chloé alikuwa wa mwisho. Alikaa ukingoni akaanza kuvua viatu. Nzigire akamwita.

“Chloé. Usitoe. Vuka navyo.”

“Vitalowa, Maman Divine.”

“Vilowe.”

Akamnyanyua, akamkaza kifuani muda mrefu kuliko wengine, mpaka nikafikiri hatanipa. Kisha akanipa. Viatu vya Chloé vilipita ndani ya maji, vikajaa, nikamweka ng’ambo. Alipanda kilima kuelekea shuleni, kila hatua ikitoa maji, na hakwenda kwenye bomba. Aliingia getini hivyohivyo.

Nzigire alibaki akimwangalia mpaka hakuonekana. Ndipo akanishika mkono, tukatoka.